Kulandana Siyo Kupatana

Ndugu msomaji, naomba nianze kwa kukiri. Mwaka 2024, mbele ya watu wasiopungua ishirini, nilimfedhehesha mzee mmoja kwa deni ambalo alikwisha kulilipa. Sikukusudia. Wala sikutunga uongo, maana nilisoma kile kilichoandikwa, neno kwa neno, na aliyekiandika ni mimi mwenyewe. Swali ninalotaka tulijadili limo humo humo. Mtu anaposoma kwa uaminifu kumbukumbu ambayo imeharibika bila yeye kujua, je, ana kosa? Na kama analo, analilipaje?

Mimi nimekulia Dar es Salaam, lakini kwetu kwa upande wa mama ni Songo Mnara. Kwa asiyepafahamu, ukifika Kilwa Masoko unatafuta boti, unakipita Kilwa Kisiwani, unazidi kwenda kusini hadi unaingia kwenye mikoko. Wageni huja kuangalia magofu: msikiti mkuu, jumba kubwa, nyumba za mawe zaidi ya arobaini, na ukuta wa mji ambao watu waliishi ndani yake tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. UNESCO waliyaingiza magofu hayo pamoja na ya Kilwa Kisiwani katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Sisi wengine tunakwenda kusalimia ndugu.

Bibi yangu alikuwa na kiduka. Sukari, unga, mchele, mafuta ya kupikia, vocha, ndoana, betri za tochi. Wateja wake walikuwa wavuvi na akina mama wanaochokoa pweza, kwa hiyo madeni ya pale yalifuata maji. Maji mafu watu walikopa, bamvua walilipa. Bibi hakujua kusoma herufi hizi tunazosoma wewe na mimi. Daftari lake lilikuwa ukuta wa nyuma ya mlango. Kila mteja alikuwa na alama yake, huyu nyota, yule mwezi, huyu samaki, na mbele ya alama bibi alichora vijiti vya mkaa, kila kijiti shilingi 5,000. Mtu akilipa, bibi alipitisha mstari mmoja juu ya vijiti vyote. Hakufuta. Alikata tu.

Mimi, msomi wa chuo, nilipouona ukuta ule nilicheka.

"Bibi, hiki ni kimeo. Mvua ikiingia siku moja tu, umefilisika."

"Haya mume wangu," akanijibu, maana ndivyo alivyoniita kwa utani wa bibi na mjukuu, "niandikie kwenye hiyo simu yako. Lakini ukuta wangu siufuti."

Basi tarehe 28 Aprili 2024 nikakaa nyuma ya mlango na kompyuta yangu ya mtumba mapajani. Nikahamisha ukuta mzima. Samaki: vijiti sita, 30,000, anadaiwa. Nyota: vijiti viwili, 10,000, anadaiwa. Na kadhalika. Nilikuwa na programu moja ya bure inayoweka orodha ile ile kwenye simu na kwenye kompyuta, bila waya. Ukiandika huku, inatokea kule. Vijana tunasema kusinki, na waandishi wa vitabu wanasema kulandanisha. Jioni ile simu na kompyuta vililandana safi kabisa, nikajiona nimeleta maendeleo.

Jumamosi ya tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu. Upepo ulikomba makuti ya paa la bibi, mvua ikaendelea, mtandao wa simu ukapotea, na kwa siku kadhaa paneli ya sola haikuona jua. Kompyuta niliizima na kuifunga ndani ya nailoni. Simu ikafa. Jua lilipotoka nikaichaji, ikawaka, na kioo kikaniambia leo ni tarehe 1 Januari 1970, saa tisa za usiku.

Hapo kuna kitu cha kueleza, kwa sababu kesi nzima imebebwa nacho. Ndani ya simu na kompyuta nyingi, saa si saa kama ya ukutani. Ni hesabu ya sekunde zilizopita tangu usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za Greenwich. Kwetu huo ni saa tisa usiku. Simu iliyokufa kwa siku nyingi inaweza kusahau hesabu yake, ikaanza tena na sifuri. Kwa kawaida huuliza mnara wa simu ni saa ngapi, ikajisahihisha kabla hujagundua. Lakini siku ile mtandao haukuwepo, hapakuwa na wa kumwuliza.

"Bibi," nikasema, "simu yangu inadai leo Nyerere bado ni Rais."

Bibi akacheka sana. Mimi nikapanda juu ya paa kukomea makuti.

Nilikuwa huko juu, kuti moja begani, bibi aliponipazia sauti kutoka uani: "Mume wangu, mwandikie samaki amelipa zote!" Nikatoa simu mfukoni, nikabonyeza kwa kidole gumba, "amelipa", nikairudisha mfukoni, nikaendelea na kuti langu. Fedha sikuziona. Mlipaji sikumwona hata kisogo. Na kwa kuwa nimeshaandika, kichwa changu kikajiona huru kusahau. Plato aliandika, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, juu ya mfalme wa Misri aliyeletewa maandishi kama zawadi akasema zawadi hii itawafunza watu kusahau. Shuleni niliposikia habari hiyo niliona mfalme yule mshamba.

Barabara ilipopitika nikarudi Dar. Sasa nikataka kulandanisha. Siku zile intaneti ya Afrika Mashariki ilikuwa inachechemea, maana Jumapili ya tarehe 12 Mei nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimepata hitilafu. Njia ya kupitia mawinguni, yaani simu ipeleke orodha kwenye kompyuta kubwa za mbali nazo zirudishe kwenye kompyuta yangu, ilikuwa inakokota. Nikaamua simu na kompyuta ziongee zenyewe kwa zenyewe, kupitia waifai ya pale tulipopanga.

Kama umewahi kujaribu unajua mateso yake. Simu iko mezani. Kompyuta iko mezani. Kati yao hapapiti hata sahani ya wali. Zote mbili zimeshika waifai ile ile, na bado kila moja inasema mwenzake haonekani. Nilihangaika usiku mbili. Baadaye nikaelewa kwamba ruta nyingi za nyumba za kupanga na za hoteli zimepangwa hivyo makusudi. Kila kifaa kinaruhusiwa kutoka nje kwenye intaneti, lakini hakiruhusiwi kugonga mlango wa jirani, ili mgeni asichungulie vya mgeni mwenzake. Ni kama nyumba ya vyumba sita, wote mnatumia mlango mmoja wa mbele lakini hamjuani majina. Na hata ruta ikikubali, ulinzi wa kompyuta yenyewe unaweza kukataa kumfungulia mgeni. Usiku wa tatu nikawasha hotspoti ya simu, nikaiunganisha kompyuta humo, nikazima ulinzi kwa dakika tano, vikaonana. Tiki ya kijani: imekamilika.

Mimi nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Sikujua tiki ile imefanya nini. Simu ilileta mstari wa samaki: amelipa. Kompyuta ilikuwa na mstari wa samaki: anadaiwa. Maneno mawili yanagongana. Programu ile ilikuwa na kanuni moja ya kuamua magomvi, na ndiyo kanuni ya programu nyingi za aina yake: aliyeandika mwisho ndiye mshindi. Ikatazama saa. "Anadaiwa" iliandikwa tarehe 28 Aprili 2024. "Amelipa" iliandikwa alfajiri ya tarehe 1 Januari 1970. Kwa hesabu za programu, mzee yule alilipa deni lake miaka 54 kabla ya kukopa. Basi "anadaiwa" ikashinda, ikanakiliwa hadi kwenye simu, na vifaa vyangu viwili vikalandana tena. Vyote viwili vikakosea kwa pamoja.

Agosti ya mwaka ule ule bibi akafariki, Mungu amrehemu. Kwetu deni ni jambo la kwanza kuulizwa mtu akifa. Kabla hajazikwa ndugu husimama, wakatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Matanga yalipokwisha, mjomba akasema sasa tuangalie na wale waliokuwa wanadaiwa na yeye, kwa sababu hiyo ni mali ya warithi. Watu wakakaa barazani. Mjomba akanigeukia: "Haya, msomi, soma."

Nikasoma. Nyota, kwa jina lake halisi, alilipa zamani. Mwezi, 15,000, akaitikia, akaomba asubiriwe bamvua. Nikafika kwa samaki. Mvuvi mtu mzima, rika la mama yangu, aliyenifundisha kuogelea.

"Shilingi 30,000," nikasema.

"Hapana mwanangu, nilimlipa marehemu," akasema taratibu. "Baada ya upepo ule. Wewe siku ile ulikuwa juu ya paa."

Ndugu msomaji, paa nililikumbuka. Kuti nililikumbuka. Yeye sikumkumbuka. Na badala ya kusema hivyo hivyo, kwamba nakumbuka paa lakini sikumbuki malipo, nikatazama kioo, nikaona neno lililoandikwa, nikatamka sentensi ambayo mpaka leo ikinijia usiku nageuka upande wa pili wa kitanda:

"Mzee, simu haisemi uongo."

Baraza ikanyamaza. Ukisema simu haisemi uongo, unakuwa umeshasema nani anasema. Mzee hakubisha tena. Wiki iliyofuata alimletea mjomba 30,000, noti zimekunjwa, akaondoka. Nilipomsalimu shikamoo njiani aliitika marahaba kama siku zote.

Kilichonifunua macho ni ukuta. Mjomba alitaka chumba kipigwe chokaa. Nikaenda kuondoa mlango, jua likaingia mpaka pembeni, nikamwona samaki. Vijiti sita. Na juu yake mstari mmoja mrefu wa mkaa, umekatwa kwa mkono wa bibi.

Nikakaa chini. Kisha nikaifungua programu, safari hii siyo orodha bali sehemu ambayo sikuwahi kuifungua, inakotupwa mistari iliyoshindwa. Akawemo. Samaki, amelipa, 1 Januari 1970.

Sasa tujadili.

Jamaa yangu mmoja, mtaalamu wa kompyuta, nilipomsimulia alisema: "Mshikaji, hilo ni kosa la mashine, wewe usijipe presha." Mjomba naye alisema kwa upole: "Hukukusudia, na Mungu anatazama nia." Majibu haya mawili yanafanana kuliko yanavyoonekana. Yote yanatafuta mtu asiyekuwepo barazani ambaye nitamtwika mzigo, kwanza mashine, pili nia yangu njema. Mimi nayaona hayatoshi, na nitajaribu kusema kwa nini.

Tuanze na mashine. Mashine haikudanganya. Iliulizwa swali jepesi, ipi kati ya mistari hii ina tarehe kubwa, ikajibu sawasawa. Mimi ndiye niliyesikia jibu la swali jingine, yaani je, mzee huyu amelipa? Mwaka 1978 mtaalamu wa Marekani, Leslie Lamport, aliandika makala ambayo wahandisi wanaisoma hadi leo, akionyesha kwamba kompyuta zilizo mbali mbali haziwezi kutegemea saa zao tu kujua lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Kinachoaminika ni mfuatano wa sababu: ujumbe hauwezi kupokelewa kabla haujatumwa. Hata mtoto wa Songo Mnara angeona kwamba malipo hayawezi kutangulia mkopo. Programu haikuona kwa sababu haikujua mkopo ni nini. Mimi nilijua, lakini sikuangalia. Kwa hiyo mashine siwezi kuitwika.

Nia je? Nakubali nia inaniokoa na dhambi ya uongo. Lakini tuangalie alichopoteza mzee. Alipoteza 30,000, na alipoteza uso wake mbele ya watu anaoishi nao. Vitu hivyo havikuchukuliwa na nia, vilichukuliwa na sentensi. Mtu akikukanyaga kwa bahati mbaya kidole kinauma vile vile.

Kuna hoja ya tatu, na hii ndiyo iliyonisumbua zaidi kwa sababu ina nguvu. Inasema: kama kila anayesoma kumbukumbu anapaswa kuitilia shaka, basi hakuna mtu atakayedai deni tena, na matapeli watastarehe. Bibi aliniomba niandike ili madeni yasiachwe kwenye maneno matupu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inahusu jambo hilo hilo, kuandika deni. Kuandika ni haki ya mdai na ni haki ya mdaiwa.

Ni kweli. Lakini aya hiyo hiyo haiishii kwenye maandishi. Inataka mashahidi pia, tena wawili wanaume, au mwanamume mmoja na wanawake wawili. Kwa nini wasitoshe maandishi peke yake? Nionavyo mimi, shahidi zaidi ya mmoja ana faida kwa sababu anaweza kusema tofauti na mwenzake. Wakitofautiana tunajua pana tatizo, tunasimama, tunauliza. Na hapa ndipo nilipoona kosa la kulandanisha. Nilikuwa na mashahidi wawili, simu na kompyuta. Wakatofautiana. Badala ya kuitwa niamue, mmoja akazibwa mdomo usiku, asubuhi nikaamka na mashahidi wawili wanaosema neno moja. Nikadhani ushahidi wangu umeongezeka, kumbe umepungua. Nakala mbili za kauli moja ni shahidi mmoja tu, hata ukizifikisha mia.

Ndiyo maana nasema kulandana siyo kupatana. Wawili wakipatana, kila mmoja amesikilizwa, na kila mmoja anajua ameacha nini. Wawili wakilandana wamefanana tu, na huenda mmoja wao hata hajui kwamba alikuwa na neno.

Pwani yetu inalijua jambo hili kwa karne nyingi kuliko simu. Historia ya wafalme wa Kilwa imetufikia katika nakala mbili. Moja ni ya Kireno. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505, na mwaka 1552 João de Barros akachapisha katika kitabu chake muhtasari wa habari za wafalme hao. Nyingine ni ya Kiarabu, ipo London katika maktaba ya taifa la Uingereza, ilipatikana Unguja katika karne ya 19 na ikachapishwa mwaka 1895. Zote zinaanza na Ali mwana wa Hasan, mtu wa ukoo wa Shirazi. Baada ya hapo zinaachana: majina, mfuatano, miaka ya kutawala. Wataalamu wamekesha nazo. Fikiria kama katibu mmoja wa zamani angekuwa na programu yangu. Angezilandanisha, angepata orodha moja nzuri ya wafalme, tiki ya kijani, na sisi tusingejua kamwe kwamba palikuwa na swali.

Kwa kuwa zilibaki mbili, watu waliendelea kutafuta shahidi wa tatu. Wakamkuta ardhini: sarafu. Sarafu za Kilwa zina jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili. Mwaka hazina. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, alimweka Ali bin al-Hasan wa kwenye sarafu karibu na mwaka 1200. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ikafukuliwa akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, ndogo ndogo za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu za kutoka ng'ambo. Zile dinari zilikuwa na miaka, na zilikomea karne ya 11. Hesabu ikabidi ipigwe upya, naye Ali akasogezwa nyuma kwa zaidi ya miaka mia. Pale kwetu Songo Mnara pia, wachimbaji walioanza kazi mwaka 2009 wakiongozwa na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher wamekuta mamia ya sarafu za shaba. Vipande vidogo kuliko kifungo cha shati, vilivyokaa kimya karne nyingi, vikaja kuulizwa.

Ukuta wa bibi ulikuwa sarafu yangu. Na mimi ndiye niliyesema ni kimeo.

Basi ningefanya nini barazani? Jibu nimelipata pasipotarajiwa, kwenye nadharia ya kompyuta. Mwaka 2000 Eric Brewer alitoa dai, na mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wakalithibitisha kwa hesabu. Kwa lugha yetu ni hivi. Mawasiliano kati ya vifaa yanapokatika, na mtu akaja kuuliza, kifaa kina njia mbili tu. Ama kijibu kwa kile kilicho nacho, huku huenda kimepitwa na wakati. Ama kinyamaze mpaka mawasiliano yarudi. Kujibu papo hapo na papo hapo kuwa na uhakika, vyote pamoja, haiwezekani.

Sisi wanadamu tunaishi hivyo kila siku, na mawasiliano yangu na bibi yalikuwa yamekatika kuliko ya waya wowote wa baharini. Lakini nadhani sisi tuna njia ya tatu ambayo hesabu haikuihitaji. Tunaweza kujibu na papo hapo kusema jibu letu limetoka wapi. "Mzee, simu yangu inaonyesha unadaiwa. Mimi mwenyewe sikumbuki. Ulilipa vipi, na nani alikuwepo?" Sentensi hii inadai deni vile vile. Haimwachii tapeli chochote. Tofauti yake ni kwamba inamwacha mwenzako naye awe shahidi. Kosa langu kwa hiyo halikuwa kusoma orodha. Orodha ilikuwa wajibu wangu kuisoma. Kosa lilikuwa kuchukua uhakika wa kioo nikauvaa kama wangu, mbele ya mtu aliyekuwa na kumbukumbu kamili, hata ya paa.

Nilimweleza mjomba. Akasema fedha zirudishwe kimya kimya, jambo liishe. Nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba mzee hakuaibishwa kimya kimya. Tukabishana siku mbili. Hatimaye akakubali, watu wakaitwa tena barazani, wengi ni wale wale. Nikasimama nikasema yote, simu, upepo, mwaka 1970. Nikaona baadhi yao hawanielewi. Nikawachukua hadi nyuma ya mlango, nikawaonyesha samaki na mstari wake. Hapo wakaelewa wote mara moja.

Mzee akapokea 30,000 yake kwa mikono miwili, akaihesabu, akaitia kwenye kofia.

"Fedha nimepokea, mwanangu," akasema. "Na ile siku je?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo. Nimemwomba radhi, na amesema amenisamehe, na naamini amesamehe. Lakini ile siku ipo. Siwezi kuirudi nikaandika juu yake "amelipa". Nafikiri sehemu ya jibu la swali nililoanza nalo imo hapo. Ndiyo, nina kosa, na deni lake ni la namna ambayo unalilipa kwa muda wote, kwa jinsi utakavyosoma orodha inayofuata.

Kwenu waandishi wenzangu ninaongeza neno moja, kwa sababu kazi yetu ni kubeba kumbukumbu za watu. Tunarekodi bibi zetu, tunanakili, tunahariri, tunasafisha, tunatoa nakala moja iliyonyooka. Mimi sasa naweka rasimu zote, hata zinazogongana, na pembeni ya kila simulizi naandika nimelisikia wapi na nilikuwa wapi niliposikia, hata kama nilikuwa juu ya paa. Ni usumbufu. Diski inajaa.

Chumba cha bibi mjomba amekipiga chokaa, kuta tatu. Wa nne nimemwomba auache.